MRI kwa ubongo unaoshukiwa kuwa na inflamesheni (mwitikio wa kinga unaovimbisha): mwongozo kamili, kuanzia fomu ya maombi hadi ripoti

Mgonjwa ana homa, anaongea maneno yasiyoshikana, na jana usiku alipata degedege. Anapelekwa MRI, ripoti inarudi: "ubongo wa kawaida". Siku chache baadaye kipimo kinarudiwa kwingine na eneo la panja la kushoto limeharibika, kila mtu analiona. Wakati mwingine ugonjwa ulikuwa bado mchanga mno kuonekana. Mara nyingine ulikuwapo, ila fomu haikusema unatafutwa nini, sikwensi (aina ya picha ya MRI) iliyohitajika haikupigwa, au picha ya kontrasti (dawa ya kung'arisha) ilichukuliwa kabla dawa haijafika inakotakiwa.

Mwongozo huu ni wa mtaalamu wa mionzi anayeendesha mashine, daktari anayejaza fomu, na yeyote anayesoma picha. Vipimo tulivyotaja ni vya mtu mzima, isipokuwa pale tulipotaja mtoto.

Onyo kabla ya yote. Kama ensefalaitisi ya hepesi (inflamesheni ya ubongo iletwayo na virusi vya hepesi) inashukiwa, asaikloviri ya mshipani (mg 10 kwa kila kilo ya uzito, kila saa 8, ikiwa figo zinafanya kazi vizuri) ianze sasa hivi. Kama ni homa ya uti wa mgongo ya bakteria, antibiotiki ianze sasa hivi. Foleni ya MRI si sababu ya kuchelewesha dozi ya kwanza. Picha itaonyesha kilichopo hata kama dawa imeshaingia.

## Vinavyohitajika

- Mashine ya MRI ya 1.5 T au 3 T (T ni tesla, kipimo cha nguvu ya sumaku), na koili ya kichwa yenye chaneli 8 au zaidi.
- Kontrasti ya gadolinium, ikiwezekana ya jamii ya makrosaikliki (yenye molekuli za umbo la pete): gadobutrol, gadoterate au gadoteridol.
- Kanula ya geji 20 au 22, sirinji, na ml 20 za maji ya chumvi ya 0.9% ya kusukumia.
- Mizani. Uzito wa kukisia kwa macho huharibu dozi.
- Majibu ya kreatinini kwa mwenye kisukari, presha, VVU au historia ya figo.
- Trei ya dharura yenye adrenalini ya mg 1/ml, na oksijeni iliyo tayari nje ya chumba cha sumaku.
- Fomu ya usalama wa MRI, plagi za masikio, sponji za kubana kichwa.
- Picha za zamani, hata kama ni CT. Usiridhike na karatasi ya ripoti peke yake.

## Hatua ya 1: Andika fomu inayosema unatafuta nini

Hapa ndipo kipimo kinapofaulu au kuanguka. Linganisha fomu hizi mbili.

Ya kwanza: "MRI ya kichwa. Maumivu ya kichwa, degedege."

Ya pili: "MRI ya kichwa, bila kontrasti na kwa kontrasti. Mwanamke, miaka 34, kilo 58. Homa siku 5, kuchanganyikiwa siku 2, degedege la mwisho leo saa 10 alfajiri. VVU hana. Kreatinini ya kawaida. Asaikloviri imeanza jana, steroidi hajapewa. Nashuku ensefalaitisi ya hepesi. Naomba lobu za temporali ziangaliwe kwa makini."

Kwa fomu ya kwanza mpiga picha atatumia protokali ya kawaida yenye vipande vya mm 5, bila kontrasti, na hatakuwa amekosea. Ya pili inampa sababu ya kupiga FLAIR (sikwensi inayozima weupe wa maji ya ubongo) ya vipande vyembamba, kuongeza picha za mbele (vipande vya wima, kana kwamba unamtazama mgonjwa usoni) zinazokata hipokampasi (sehemu ya kumbukumbu ndani ya lobu ya temporali, nyuma ya panja), na kuandaa kontrasti mapema.

Mambo manne yasikose kamwe:

Saa ya degedege la mwisho. Degedege refu lenyewe huacha weupe kwenye hipokampasi, gamba la ubongo na thalamasi, ambao kwenye FLAIR na DWI (sikwensi ya mwendo wa maji ndani ya tishu) hufanana sana na ensefalaitisi. Asiyejua kwamba mgonjwa ametoka kutikisika saa tatu zilizopita ataandika ugonjwa ambao haupo.

Steroidi. Methylprednisolone na deksamethasoni hupunguza kung'aa kwa madoa baada ya kontrasti, kwa sababu huziba kuta za mishipa zilizokuwa zinavuja. Doa lisilong'aa kwa mtu aliyepewa steroidi siku tatu halimaanishi kwamba ugonjwa umelala.

Hali ya kinga. VVU, na CD4 kama ipo. Doa lenye pete kwa mtu mwenye CD4 ya 40 lina orodha tofauti ya magonjwa na doa lilelile kwa mtu mwenye kinga nzima.

Dalili zimeanza lini. Siku mbili, wiki tatu na miaka miwili ni magonjwa tofauti.

*Umefaulu ukiona:* mtu asiyemjua mgonjwa anasoma fomu na kutaja shaka zako mbili za kwanza bila kukupigia simu.

## Hatua ya 2: Usalama na maandalizi

Pitia fomu ya usalama kwa mdomo, pamoja na ndugu, kwa maana mgonjwa aliyechanganyikiwa atajibu "hapana" kwa kila swali. Kifaa cha kusaidia moyo, klipu za mishipa ya ubongo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa na vipande vya risasi: mojawapo kikiwapo, simama hadi aina yake ijulikane. Mafundi wa kuchomelea na wa kusaga vyuma waulizwe kuhusu kuingiwa na chuma machoni. Wenye shaka wapigwe eksirei ya macho kwanza. Kitanzi cha shaba cha uzazi wa mpango si kizuizi kwenye mashine za 1.5 T na 3 T.

Kisha angalia yale ambayo fomu nyingi zilizoandikwa ng'ambo hazina. Pini zilizofichwa ndani ya wivingi, wigi lenye waya, shanga za chuma kwenye rasta, na hirizi iliyoshonwa ndani ya nguo. Pini moja juu ya sikio hutoboa shimo jeusi kwenye picha, na shimo hilo huangukia lobu ya temporali, palepale tunapotafuta. Mweleze ndugu hivyo kwa heshima kabla ya kugusa hirizi ya mtu. Akielewa sababu kwa kawaida huivua mwenyewe na kuishika.

Kanula iwekwe kabla mgonjwa hajaingia chumbani. Kumtoa katikati ya kipimo ili atafutiwe mshipa humfanya asogee, na picha za kabla na baada hazitalingana tena.

Figo na ujauzito. Kama eGFR (kasi ya figo kuchuja damu) iko chini ya 30, usitumie gadolinium za zamani za jamii ya mnyororo; tumia makrosaikliki pale tu picha itakapobadilisha matibabu. Kwa mjamzito, gadolinium hupewa kwa sababu nzito tu. Anayenyonyesha anaweza kuendelea kunyonyesha.

Mgonjwa asiyetulia. Mtoto mchanga wa chini ya miezi mitatu mara nyingi hulala akinyonyeshwa na kufungwa vizuri kwenye kanga. Mkubwa zaidi, au mtu mzima anayepigana, anahitaji mtaalamu wa usingizi na vifaa vinavyoruhusiwa kwenye sumaku. Kumshikilia kwa nguvu kunatoa picha za ukungu na kumtia hofu mgonjwa ambaye tayari amechanganyikiwa.

## Hatua ya 3: Mlaze na upange vipande

Kidevu kishuke kidogo, sponji pande zote mbili, plagi masikioni, kengele ya kuita mkononi kama anaweza kuitumia.

Kwenye picha ya pembeni ya kuanzia, panga vipande vya mlalo sambamba na mstari unaogusa ncha za chini za kopasi kalosumu (daraja la nyuzi linalounganisha pande mbili za ubongo), mbele na nyuma. Kila mgonjwa, kila safari. Ukipanga kwa mazoea ya macho, kipimo cha mwezi wa sita kitakata doa kwa pembe nyingine, na doa lilelile litaonekana limekua au limepungua.

Vipande vifunike kuanzia utosini hadi tundu la chini la fuvu. Sehemu ya chini ya shina la ubongo hukatwa mara nyingi na watu wenye haraka, ilhali kwikwi na kutapika kusikokwisha kwa ugonjwa wa NMOSD (kinga kushambulia neva za macho na uti wa mgongo) hutokana na doa dogo papo hapo.

## Hatua ya 4: Piga sikwensi kwa mpangilio huu

Anza na zile zisizoweza kukosa. Mgonjwa akishindwa kuendelea baada ya dakika kumi, uwe tayari na kitu cha kumsaidia daktari.

1. DWI pamoja na ADC, ramani inayokokotolewa kutoka DWI (b=0 na b=1000, yaani viwango vya nguvu ya DWI). Dakika moja au mbili tu. Katika siku za mwanzo za hepesi, DWI inaweza kuonyesha tatizo wakati FLAIR bado inasitasita. Inatofautisha pia jipu na vitu vingine vyenye pete.

2. FLAIR. Ndiyo nguzo ya kipimo hiki. Bora iwe ya 3D, ya mm 1, yenye kufifisha mafuta, kwenye 1.5 T hula kama dakika 5 au 6. Kama mashine haina 3D, piga 2D ya mm 3 isiyo na nafasi kati ya vipande. Vipande vya mm 5 vyenye nafasi ya mm 1.5 vinaweza kulififisha doa la mm 4 hadi lisionekane vizuri.

3. SWI au T2\*. Inaonyesha damu na kalisi, na kwa MS (multiple sclerosis, kinga kuharibu maielini, yaani ganda la neva) inaonyesha mshipa mdogo unaopita katikati ya doa.

4. T1 kabla ya kontrasti. Wengi huiruka kuokoa dakika. Usiiruke. Damu ya siku kadhaa, mafuta na madini huwa meupe kwenye T1 bila kontrasti yoyote. Bila picha hii utaviita vinang'aa.

5. T2 ya mbele, mm 3, iliyosimama wima dhidi ya hipokampasi, kama shaka iko kwenye lobu za temporali. DWI ina udhaifu mmoja mkubwa: karibu na hewa ya sinasi na mfupa wa sikio picha hupinda na kutoa weupe wa uongo. Kwa bahati mbaya hapo ndipo chini ya lobu ya temporali, makazi ya hepesi. Picha ya mbele ndiyo inayoamua kesi.

*Umefaulu ukiona:* kwenye FLAIR maji ya ubongo ni meusi kabisa ndani ya ventrikali (vyumba vya maji vya ubongo) na kwenye mifereji ya juu ya ubongo. Kwenye DWI umbo la ubongo halijapinda upande mmoja.

Kinachoharibika, na kwa nini. Maji yakiwa meupe kwenye mifereji na sisterna (mabwawa ya maji) za chini, usikimbilie kuandika meninjaitisi (homa ya uti wa mgongo). Uliza kwanza kama mgonjwa yuko kwenye oksijeni ya kiwango cha juu. Oksijeni nyingi huzuia maji yasizimike kwenye FLAIR. Gadolinium ya kipimo cha juzi kwa mwenye figo dhaifu hufanya hivyohivyo. Meno yenye waya huleta weupe wa namna hiyo upande wa mbele. Kwenye 2D, mwendo wa maji kuzunguka shina la ubongo nao hutoa mawingu meupe, sababu nyingine ya kupendelea 3D.

## Hatua ya 5: Kontrasti, na saa ya ukutani

Dozi ni mmol 0.1 kwa kila kilo. Chupa nyingi ni za mmol 0.5 kwa ml, hivyo unatoa ml 0.2 kwa kilo: mtu wa kilo 60 anapata ml 12. Gadobutrol imekolea maradufu, mmol 1 kwa ml, hivyo mtu huyohuyo anapata ml 6. Kuchanganya hesabu hizi mbili ni kosa la kweli la wodini, hasa duka la dawa linapobadilisha chapa bila kutangaza. Soma kibandiko cha kila chupa.

Choma taratibu, sukuma kwa ml 20 za maji ya chumvi, kisha andika saa.

Subiri dakika 5 kama kiwango cha chini, na ikiwezekana ufike 10. Kontrasti haiingii kwenye ubongo wenye afya kwa sababu kizuizi cha damu na ubongo kiko imara. Inflamesheni hukilegeza, na dawa huvuja polepole. Ukipiga dakika ya pili utaona mishipa iking'aa vizuri na madoa yamelala. Ukisubiri, madoa madogo nayo yanawaka. Kati ya makosa yote ya kiufundi, hili ni rahisi kulirekebisha, na hujirudia mara nyingi.

Muda huo usipotee. Piga T2 ya mlalo wakati unasubiri. Kontrasti kwa dozi hii haiisumbui. Kisha:

6. T1 baada ya kontrasti, kwa mipangilio ileile ya T1 ya kwanza. Ukibadilisha sikwensi katikati huwezi kulinganisha.

7. FLAIR baada ya kontrasti, kama unashuku utando wa ubongo: TB, kriptokokasi (fangasi), sakoidosisi (ugonjwa wa kinga unaoota vinundu). Kwenye T1 ya gradienti mishipa ya juu ya ubongo nayo huwa myeupe na kuficha utando unaong'aa kando yake. FLAIR ya baada ya kontrasti, au T1 ya spin-eko inayozima damu, hutenganisha vitu hivyo viwili.

Dharura. Dawa ikivujia nje ya mshipa: acha kuchoma, inua mkono, weka kitu cha baridi. Mgonjwa akibanwa kifua, akivimba uso au presha ikishuka: mtoe nje ya chumba cha sumaku kwanza, kisha adrenalini mg 0.5 (ml 0.5 ya mg 1/ml) kwenye msuli wa paja. Mtungi wa oksijeni wa chuma usiingizwe ndani kwa taharuki. Sumaku haizimwi kwa kuchomoa waya ukutani, na mtungi huruka kama kombora.

## Hatua ya 6: Kagua kabla mgonjwa hajashuka

Inachukua dakika mbili. FLAIR haina ukungu wa kusogea? T1 za kabla na baada zinalingana? Shina la ubongo lote limo? Mishipa mikubwa inang'aa kwenye T1 ya pili? Kama hata sinasi ya juu ya kichwa (mshipa mkubwa wa damu wa utosini) haing'ai, dawa haikuingia, angalia kanula.

Sikwensi moja iliyoharibika hurudiwa sasa kwa dakika tano. Akishavaa viatu na kupanda gari kurudi Mpwapwa au Kitui, kurudia ni nauli, siku nzima, na pengine kontrasti nyingine.

## Hatua ya 7: Soma kwa mpangilio uleule kila mara

Anza na DWI na ADC pamoja. Kilicho cheupe kwenye DWI na cheusi kwenye ADC ndicho chenye maji yaliyobanwa kweli. Kikiwa cheupe kwenye zote mbili, huo ni weupe wa T2 uliopenya tu.

Nenda FLAIR. Tembea kwa macho: lobu za temporali kwa ndani, insula (gamba lililofichika kando ya ubongo), chini ya lobu za mbele, kando ya ventrikali, ukingo wa gamba, shina la ubongo, serebela (ubongo mdogo wa nyuma). Linganisha kushoto na kulia kila mahali.

SWI, kisha T1 mbili kando kwa kando kwenye skrini moja. Malizia na ukubwa wa ventrikali na kama ubongo umesukumwa upande mmoja. Hapo ndipo kuna maisha au kifo cha usiku huo, kwa hiyo usipasahau kwa kuvutiwa na doa zuri.

## Hatua ya 8: Tambua sura ya ugonjwa

Ensefalaitisi ya hepesi (HSV-1). Weupe kwa ndani ya lobu ya temporali, insula, na chini ya lobu ya mbele. Huanza upande mmoja au hulemea mmoja. Bezo ganglia (viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo) kwa kawaida husalimika, na alama hii husaidia kuitofautisha na kiharusi cha mshipa wa kati wa ubongo, ambacho pia hakiheshimu insula. CT ya siku za kwanza inaweza kuwa safi kabisa. PCR (kipimo cha vinasaba vya virusi) ya maji ya uti wa mgongo ikitoka hasi ndani ya saa 72 za mwanzo na picha ni ya hepesi, dawa haisimamishwi. Kipimo cha maji kinarudiwa.

Meninjaitisi ya TB. Vitu vitatu hutembea pamoja: utando mzito unaong'aa kwenye sisterna za chini ya ubongo, maji kujaa kwenye ventrikali, na viharusi vidogo kwenye bezo ganglia kwa sababu mishipa inapita ndani ya utando huo mzito. Tafuta pia tuberkuloma (vinundu vya TB). Ukiona mawili kati ya hayo matatu, mtu wa Afrika Mashariki anastahili simu ya haraka kwa daktari wake, hata kama makohozi yake ni safi.

Toksoplazmosisi. Madoa kadhaa yenye pete, hupenda bezo ganglia na mpaka wa gamba na sehemu nyeupe, kwa mtu mwenye VVU na CD4 chini ya 100. Katikati ya pete kwa kawaida hakubanwi kwenye DWI, ilhali jipu la bakteria katikati yake huwaka kwenye DWI na kuwa jeusi kwenye ADC. Limfoma (saratani ya seli za kinga) ndiyo mpinzani wake mkuu. Desturi ni kutibu tokso na kupiga picha tena baada ya kama wiki mbili. Madoa yasipopungua, fikiria upya.

Tegu wa nguruwe kwenye ubongo. Kifuko chenye nukta ndani yake, ambayo ni kichwa cha mnyoo. Mnyoo akiwa hai na ametulia hakuna inflamesheni. Anapoanza kufa, ukingo unang'aa na uvimbe unamzunguka, na hapo ndipo kifafa huanza. Mwishowe hubaki kalisi, ambayo CT huiona vizuri kuliko MRI. Muulize mgonjwa anatoka wapi: maeneo ya ufugaji wa nguruwe kama Mbulu na Mbozi yanajulikana kwa tatizo hili.

Ensefalaitisi ya kinga ya mwili. Lobu zote mbili za temporali kwa ndani zinaweza kuwa nyeupe, polepole kuliko hepesi, bila damu. Lakini kwa aina ya anti-NMDAR (kingamwili dhidi ya kipokezi cha NMDA cha ubongo), ile inayompata msichana anayeanza kuona vitu na kupelekwa kwa waganga au wodi ya akili, MRI huwa ya kawaida kwa wagonjwa wengi, hata zaidi ya nusu. Hapa ripoti safi haifuti shaka. Kingamwili kwenye maji ya uti wa mgongo ndizo huamua, na msichana huyo apigwe pia ultrasaundi ya ovari kutafuta teratoma (aina ya uvimbe).

MS. Madoa ya angalau mm 3, ya mviringo, yakisimama wima kutoka kwenye ventrikali kama vidole. Vigezo vya McDonald vya 2017 vinataka madoa kwenye maeneo mawili au zaidi kati ya manne: kando ya ventrikali, kwenye gamba au ukingo wake, shina la ubongo na serebela, na uti wa mgongo. Marekebisho ya 2024 yameongeza neva ya macho. Doa linalong'aa likikaa pamoja na lisilong'aa kwa mgonjwa mmoja, hiyo ni dalili kwamba mashambulizi yametokea nyakati tofauti. Mshipa katikati ya doa kwenye SWI huimarisha shaka.

Tahadhari na presha. Mtu wa miaka 60 mwenye presha ya miaka mingi na madoa yaliyotawanyika kwenye sehemu nyeupe, bila kugusa kopasi kalosumu wala uti wa mgongo, ana mishipa midogo iliyochakaa. Kumwita mgonjwa wa MS ni kumpa dawa za gharama na hofu asizostahili.

NMOSD. Ukiona doa nyuma ya shina la ubongo au kuzunguka ventrikali ya tatu, omba MRI ya uti wa mgongo. Doa refu la pingili tatu au zaidi linaelekeza huku, na kipimo cha damu cha kingamwili za AQP4 kinafuata. Kuitofautisha na MS ni lazima, maana dawa kadhaa za MS huzidisha NMOSD.

## Hatua ya 9: Andika ripoti inayotumika

Taja mahali, idadi, ukubwa kwa milimita wa doa kubwa, tabia yake kwenye DWI, FLAIR na SWI, na namna linavyong'aa: lote, pete kamili, pete iliyo wazi, au utando. Pete iliyo wazi upande wa gamba inaelekeza kwenye kuharibika kwa maielini badala ya jipu. Andika dakika ulizosubiri baada ya kontrasti na kama mgonjwa alikuwa kwenye steroidi. Toa shaka mbili au tatu kwa mpangilio, na kipimo gani kitazitenganisha.

"Mabadiliko yasiyo mahususi, linganisha na hali ya mgonjwa" hutumika pale tu pasipokuwa na la kusema. Yakiwapo maji yaliyojaa ventrikali, ubongo uliosukumwa au sura ya hepesi, piga simu kabla ya kuandika.

## Hatua ya 10: Kurudia kipimo

Rudia kwenye mashine ileile, mstari uleule wa kopasi kalosumu, kontrasti ileile. Kwa MS, picha ya msingi mpya hupigwa miezi 3 hadi 6 baada ya kuanza dawa, kisha kila mwaka. Ufuatiliaji wa kawaida hauhitaji gadolinium kila mara. Madoa mapya huonekana kwenye FLAIR.

Kwa TB, usishtuke. Tuberkuloma zinaweza kukua au mpya kujitokeza wiki kadhaa baada ya kuanza dawa, hasa mgonjwa akiwa ameanza ARV karibuni, kwa sababu kinga imeamka. Huo peke yake si ushahidi kwamba dawa zimeshindwa.

## Kama kuna CT tu

Piga bila kontrasti na kwa kontrasti, ukisubiri dakika 5 au zaidi kabla ya picha ya pili. CT itakuonyesha maji yaliyojaa, jipu, tuberkuloma kubwa, tokso na kalisi. Haitakuonyesha hepesi ya siku ya pili wala MS nyingi, na ripoti iseme hivyo waziwazi.

CT kabla ya kutoa maji ya uti wa mgongo inahitajika kwa mwenye udhaifu wa upande mmoja, fahamu zilizoshuka, degedege la karibuni, kinga dhaifu au neva ya macho iliyovimba. Wengine watolewe maji bila kungoja.

Mashine za MRI za nguvu ndogo, kama 0.35 T, zinatoa FLAIR inayosomeka ukiongeza marudio ya usomaji na kukubali vipande vinene kidogo. DWI yake ni dhaifu na kung'aa kwa kontrasti ni hafifu, kwa hiyo usitegemee kimya chake.

## PET: lini inafaa

FDG-PET (picha ya mionzi inayoonyesha ubongo unavyotumia sukari), inayopatikana Nairobi, husaidia pale ensefalaitisi ya kinga inaposhukiwa na MRI iko safi. Mgonjwa afunge kula saa 4 hadi 6, sukari ya damu iwe chini ya mmol 8.9/l, akae chumba chenye mwanga hafifu na kimya dakika 30 kabla na baada ya kuchomwa, bila kuongea wala kuchezea simu, kwa kuwa kila kazi ya ubongo hula sukari na kujichora kwenye picha. Anti-NMDAR mara nyingi huonyesha ubongo wa nyuma, upande wa kuona, ukiwa umepoa. Ensefalaitisi ya LGI1 (aina nyingine ya kinga ya mwili) huonyesha lobu za temporali kwa ndani na bezo ganglia zikiwaka. Degedege lisiloonekana kwa macho nalo huwaka, hivyo EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) ipigwe karibu na muda huo.

PET inayolenga protini ya TSPO, ambayo huongezeka kwenye seli za maikroglia (seli za kinga za ubongo) zilizoamshwa, bado ni ya utafiti. Kifuatilizi (dawa ya mionzi inayofuatiliwa na PET) cha kwanza, PK11195 chenye kaboni-11, hubaki nusu kila baada ya dakika 20, kwa hiyo saiklotroni (mashine inayotengeneza kaboni hiyo) lazima iwe jengo hilohilo au jirani kabisa. Vya kizazi cha pili, kama PBR28 na DPA-714, vinahitaji kwanza kipimo cha jeni cha rs6971: wenye aina moja ya jeni hushika kifuatilizi kwa nguvu, wengine kwa udhaifu, na bila kujua nani ni nani unaweza kuita kinga imelala kwa mtu ambaye jeni yake tu haishiki dawa. Tofauti ndogo kati ya makundi ya watu inasomeka kwenye utafiti. Kwa mgonjwa mmoja mbele yako, hakuna mpaka unaokubalika wa kusema huu ni ugonjwa na huu si ugonjwa.